Kijani Kutoka Chini

Jumatatu, 3 Machi

Nimewekewa balbu mpya. Binti yangu kaja nayo ndani ya kisanduku kizuri kama cha manukato, kapanda juu ya kiti — mtu wa miaka arobaini na nane, mama wa watu — kaifunga mwenyewe. Swichi ya ukutani ipo, lakini sasa imebandikwa karatasi: USIGUSE. Balbu inaendeshwa kwa simu. Ina rangi milioni kumi na sita. Nikamwuliza nitazimaliza lini zote, na daktari amenipa wiki kadhaa tu. Hakucheka. Mimi niliona ni mzaha mzuri.

Kwenye simu rangi zimepewa majina. Utulivu. Furaha. Umakini. Pumziko. Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Miaka thelathini na nne nimekuwa fundi wa taa za jukwaani! Utulivu sisi tuliuita namba nne. Furaha ilikuwa namba mbili na saba kwa pamoja, na kidogo kutoka pembeni. Hatukuwa na simu. Tulikuwa na plastiki za rangi, ngazi, na vidole vilivyoungua.

Balbu haikuja peke yake, imekuja na saa ya mkononi. Saa inahesabu mapigo ya moyo na kumpelekea binti yangu ofisini kwake. Mapigo yakipanda, balbu inageuka yenyewe kuwa Utulivu. Kwa hiyo hata kujituliza nimewekewa mtu.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimejifanyia majaribio. Kazi nyingine sina.

Asubuhi, Furaha: waridi na manjano kidogo. Nimekula bakuli zima la uji na nikaomba nyongeza. Muuguzi — mama mnene wa miaka hamsini na kitu, anakuja saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi — aliniangalia kama mtu aliyeona jiwe likitembea.

Saa tano, Umakini: nyeupe yenye bluu, kama kioo cha simu. Ndani ya robo saa nimeshagombana naye kwa ajili ya kijiko. Kijiko! Aliniambia, "Mzee, leo umeamka vizuri, sasa nani kakuchokoza?" Nikamwambia ni taa. Akaniuliza kama nimemeza vidonge.

Saa saba, bila mimi kugusa kitu, chumba kikawa rangi ya asali, ile ya Utulivu. Muuguzi akaingia na vidonge. Nikavimeza vyote sita bila kelele. Hapo ndipo nilipoamka. Ni binti yangu, kule ofisini, kati ya mkutano na mkutano, ananipigia asali kila saa ya dawa! Na jana jioni, chini ya asali hiyo hiyo, nilikubali kiti cha magurudumu, kitu nilichokuwa nakikataa tangu mwaka jana.

Sikuchukia. Kusema kweli nilijivuna. Damu yangu hiyo. Mimi niliyewaliza watu mia sita kwa mpigo, leo naongozwa kama mbuzi na taa moja ya darini. Na nafuata.

Alhamisi, 6 Machi

Mkono uliwasha chini ya saa, nikaivua nijikune. Nikaigeuza. Mgongoni ina vitaa viwili vidogo, vinapepesa. Vya kijani. Ndivyo inavyosoma damu, kumbe — inammulika mtu kijani kutoka chini.

Niliishika muda mrefu.

Kijani kutoka chini. Miaka hamsini na moja.

Sitaandika zaidi leo.

Ijumaa, 7 Machi

Haya, naandika. Kama si sasa, sijui lini. Daftari hili nitalifungia kwenye droo, na ufunguo anao nani zaidi yangu?

Mdogo wangu nimempita miaka mitano. Sote tulitaka jukwaa. Mimi nilitangulia. Mwongozaji alinisimamisha katikati ya taa, akanitazama, akasema uso wangu unameza mwanga: haurudishi kitu. Hakuwa na ubaya. Akanipeleka kwenye meza ya swichi, na huko nikawa hodari.

Miaka sita baadaye akaja mdogo wangu. Ana ishirini na tatu. Uso wake ulirudisha mwanga wote na chenji juu. Na sauti — alikuwa akisema neno "maji" watu wanasikia kiu. Nilimpenda. Hilo liandikwe. Nilikuwa namkaangia mayai kabla ya mazoezi. Na kila nilipommulika, donge lilinikaa hapa, chini ya mbavu.

Siku yenyewe walikuja wageni wawili kutoka kundi kubwa la maigizo, wamekuja kumwona yeye. Wakimpenda, wanaondoka naye. Kila mtu alijua. Sehemu yake kubwa ilikuwa ya mwana aliyechelewa kurudi, amesimama mbele ya jeneza la baba yake. Baba yetu sisi tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, na mdogo wangu kweli alichelewa. Alifika kaburi limeshafukiwa. Kwa hiyo pale hakuwa anaigiza. Alikuwa anamwaga moyo.

Taa yake ilikuwa namba nne, kutoka juu. Asali.

Mimi nikampa kijani kutoka chini.

Ile ni taa tuliyoiweka kwa ajili ya michezo ya watoto, ya zimwi. Mtu akimulikwa kutoka juu ni mtu. Akimulikwa kutoka chini, mashimo ya pua yanakuwa mapango, nyusi zinapanda, kidevu kinavimba. Tia kijani hapo. Anasema, "Baba, nimefika. Nimechelewa, lakini nimefika," huku akiwa na sura ya chura aliyepewa habari mbaya.

Mama mmoja safu ya tatu akapaliwa na kicheko. Akajizuia. Kujizuia ndiko kulikoharibu, kwa sababu jirani yake akakisikia. Kisha safu. Kisha ukumbi mzima. Mdogo wangu akasimama baada ya neno "nimechelewa". Hakumaliza. Akatazama watu, hajui wanacheka nini — mtu hauoni uso wake mwenyewe — akateremka na kutoka kwa mlango wa pembeni.

Ilikuwa sekunde ishirini, labda. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi muda wote.

Watu walisema alizidisha. Alitia chumvi mno, wakasema, ndiyo maana wakacheka. Wageni wakaondoka mikono mitupu. Mimi nikamfuata nje, nikamvika koti langu, tukatembea mpaka nyumbani. Njiani akaniambia, "Kaka, wewe peke yako hukucheka."

Na hili amekuwa akilisema kwa miaka hamsini na moja. Kila mwaka mpya. Kila siku yangu ya kuzaliwa. "Kaka yangu huyu hakucheka."

Hakupanda tena jukwaani. Aliuza viatu miaka thelathini na tatu, amepiga magoti mbele ya miguu ya watu na pembe ya kuvalia viatu mkononi. Kwenye harusi ya binti yangu, yeye ndiye baba mdogo, zamu yake ya kusema ilipofika alirudisha kipaza sauti kama mtu aliyepewa kaa la moto. Akasema yeye na watu wengi hawapatani.

Nimeandika. Mapigo, saa inasema, mia na nne. Na hii hapa balbu, imeshageuka asali. Hata kulia siachiwi.

Jumapili, 9 Machi

Nimejaribu kumwambia kwa simu. Ile ya kuonana nyuso.

Akatokea, amevaa miwani juu ya kipara, ameshika simu chini mno kwa hiyo namwona kidevu na pua. Mwanga wa kioo unampanda kutoka chini. Moyo ukanipiga kama mlango unaogongwa. Nikasema, "Mdogo wangu, kuna jambo." Na hapo hapo chumba kikaanza kulainika. Asali. Pumzi ikashuka. Mabega yakashuka. Nikajisikia mzee mwema, mwenye amani na watu wote. Nikamwuliza hali ya magoti yake.

Tuliongea magoti dakika arobaini.

Baada ya chakula nikajaribu tena. Ikawa vile vile. Safari hii tuliongea meno.

Sasa naelewa. Mtu hasemi jambo zito akiwa ametulia. Lazima liume. Na binti yangu, kwa mapenzi yake yote, amefunga kwenye dari kitu cha kuniondolea kila linaloniuma ndani ya sekunde nane. Nimehesabu.

Jumatano, 12 Machi

Njama yangu ya kwanza. Nimemwomba muuguzi anivalie saa kidogo, mkono unawasha. Akaivaa bila neno, akaenda jikoni kumenya viazi. Nilipanga kumpigia mdogo wangu simu, na moyo wangu upige utakavyo bila kuchongewa.

Sikujua kwamba akimenya viazi hutazama tamthilia kwenye simu yake. Leo ndiyo siku mke mkubwa anagundua kila kitu. Hata simu sijaibonyeza, chumba changu kikageuka asali mpaka nikaona kizunguzungu. Simu ikalia. Binti yangu:

"Baba, una nini? Mapigo mia na kumi na nane!"

"Nasoma gazeti."

"Gazeti gani hilo?"

Jikoni nikasikia sauti ya muuguzi, "Mpige! Mpige huyo mjinga!" Binti yangu naye akaisikia. Ikabidi nimwambie tumewasha redio, kuna ngumi.

Muuguzi aliporudi nilimweleza. Alicheka akashika ukuta. Kisha akaniuliza kwa nini nataka moyo wangu uende mbio bila mtu kujua. Nikamwambia nina maneno ya kusema yasiyosemeka kwa utulivu. Akasema mama yake alikufa na maneno ya namna hiyo, na wao watoto wamebaki kubahatisha tangu hapo. "Siku ukiyataka, mzee, niambie. Nitavaa saa na sitagusa tamthilia."

Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu anakuja. Jumatatu, mchana. Binti yangu amemtumia nauli na kumwambia ukweli kuhusu moyo wangu, ambao mimi sikumwambia. Atakaa siku tatu.

Siku nzima nimefanya kazi. Kazi kweli, kama zamani. Nimechora ramani ya taa. Balbu iwe asali, lakini si sana, mtu asishtukie. Taa ya mezani nyuma ya bega langu la kushoto, ili nywele zangu nyeupe ziwe na kingo za mwanga. Pazia nusu. Kiti chake pale, uso wake kwenye kivuli laini, maana mtu aliye kwenye kivuli laini huhukumu taratibu. Mimi nionekane mdogo kitandani. Mikono juu ya shuka. Nimejaribu mikono mara tatu mbele ya kioo cha simu.

Chini ya taa hizo hakuna binadamu ambaye hatanisamehe. Hata mimi mwenyewe ningejisamehe.

Nilipomaliza nikaitazama ile karatasi. Mishale, namba, pembe. Mwandiko ni ule ule. Mtu ni yule yule.

Nimeichana vipande vidogo, nikaviweka kwenye kikombe.

Jumapili, 16 Machi

Sina nguvu leo. Miguu imevimba. Binti yangu amekaa nami mchana kutwa, kanikata kucha. Nilimwuliza kama ameshawahi kuona mdogo wangu akiigiza. Akashangaa. Baba mdogo? Yule asiyeweza hata kuagiza chai mbele ya watu?

Nikamwuliza tena, anajuaje rangi ipi ya kunipigia saa zile za dawa. Akaona haya. Akasema hajui, anachagua ile ambayo yeye mwenyewe angependa awe nayo angekuwa hapa nami. Nilikuwa na la kumjibu, la kifundi, lenye namba. Sikulisema.

Kesho.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika mchana, saa nane na nusu, na mdogo wangu yuko ndani ya nyumba hii. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Alifika saa sita. Viatu vimeng'aa, kama kawaida. "Shikamoo kaka," na kabla sijaitikia ameshafunua shuka kuangalia miguu yangu. Akasema imevimba, nimeongezeka namba mbili nzima za kiatu. Tulicheka. Tukala. Akamsifia muuguzi mapishi, muuguzi akamwambia asimdanganye, chumvi imesahauliwa. Binti yangu yuko ofisini mpaka jioni.

Saa saba na nusu nikampa muuguzi ishara. Akanivua saa, akaivaa, akapanda kiti na kufungua balbu — haikuzimwa, ilifunguliwa, imo kwenye soksi ndani ya droo. Akalifungua pazia lote. Jua la mchana likaingia, kavu, halina rangi, linaonyesha kila kitu: vumbi, vidonge, mashavu yangu. Taa mbaya kuliko zote. Hakuna fundi angeichagua. Muuguzi akaenda jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

Mdogo wangu akasema, "Kaka, hili jua halikuumizi macho?"

Nikasema liache.

Nilipanga maneno mengi. Nilisema machache. Nilisema siku ile hukuzidisha. Hukutia chumvi. Ilikuwa taa. Ulitakiwa upate namba nne kutoka juu na mimi nikakupa nyingine, kwa kukusudia, kwa sababu ulikuwa unachukua kitu nilichokitaka.

Alitabasamu kwanza. Alidhani ni dawa zinasema. Akanipigapiga mkono, "Ah, kaka, hayo ya zamani." Nikasema tena. Nikamtajia mama wa safu ya tatu. Nikamtajia neno aliloishia.

Mkono wake ukaondoka juu ya wangu. Si kwa nguvu. Uliondoka tu, kama mtu aliyekumbuka ana kitu jikoni.

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Kutoka wapi?"

"Chini."

Akaenda dirishani. Akasimama, mgongo kwangu. Simu yangu ikalia ujumbe, nikasoma maana sikujua macho niyaweke wapi. Binti yangu: Baba leo umetulia kweli, mapigo sabini na moja, nimefurahi baba mdogo yupo. Muuguzi wa watu, amekaa huko jikoni kama jiwe. Moyo wangu mimi ulikuwa unapiga mpaka shuka linatikisika.

Nilingoja atukane. Nilikuwa tayari kwa matusi. Hata kwa mlango.

Aliongea bila kugeuka. Alisema miaka yote hii akinyoa ndevu hujitazama kwenye kioo na kutafuta kile walichokicheka. Kila asubuhi. Hajawahi kukiona. Alifikiri kiko kwenye macho. Kisha akafikiri kiko kwenye mdomo. Alipomwoa shemeji yangu alimwuliza usiku wa kwanza, nina nini usoni? Yule maskini akasema huna kitu.

Nilisema samahani. Likatoka dogo.

Akageuka. Uso wake kwenye lile jua: umri wote upo, na bado, Mungu wangu, bado unarudisha mwanga. Akauliza kama simu yangu inaweza kuwa kijani.

Nikasema inaweza. Kioo kizima.

"Iweke."

Nikaiweka. Vidole vilikosea mara mbili, nikapita kwenye Furaha kwanza.

Akafunga pazia. Chumba kikawa giza la mchana, lile la ukumbi kabla ya watu kuingia. Akavuta kiti mpaka karibu na kitanda, akakaa, magoti yake yakigusa godoro. Akasema, "Nataka kuona walichokiona. Wewe ndiye fundi. Ishike pale pale taa ilipokuwa." Halafu akasimama tena, maana hakuna kioo humu ndani, binti yangu alikitoa nilipoanza kukonda. Ameenda kukitafuta kile cha bafuni.

Nasikia anakitoa ukutani. Nasikia muuguzi anamwuliza kitu, yeye hajibu. Sasa yuko kwenye korido, na anajaribu sauti. Taratibu, kama mtu anayepima maji kwa kidole. Miaka sabini na minne, na nimesikia kiu.

"Baba, nimefika," anasema. "Nimechelewa —"

Ameishia pale pale.

Simu iko mapajani mwangu, kijani kitupu, inanimulika kutoka chini mimi. Mlango unafunguka. Mkono unatetemeka. Siku ile haukutetemeka.